Gramu Tatu

Kazi yangu ni kunyima.
Wengine huajiriwa kupalilia, kuvuna, kushona magunia;
mimi, Edilene wa Zulmira, nalipwa nisimwagilie.
Saa kumi na mbili asubuhi nafungua kitalu,
nafunga bomba la safu ya tatu na la nne,
kisha napita na mizani ya jikoni
nikipima miche ya mikaratusi, mmoja baada ya mwingine:
kopo, udongo, majani, na kiu isiyo na uzito.

Daktari Osvandir ameeleza:
maji yakipunguzwa polepole, mche hujifunza.
Hufumba vinyweleo vya majani kabla jua halijapanda kilima,
huacha kurefuka,
hutuma mizizi chini
kama mtu apapasaye sarafu mfukoni gizani.
Ukiudekeza, hautamaliza wiki mbili shambani.

Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu.
Mama zao walibaki Australia.
Mbegu zilikuja kwa bahasha,
laini kama kahawa iliyosagwa,
kila punje mtoto wa peke yake.
Basi ulimwengu wao ni mimi,
na buti za mpira, na kofia ya kampuni.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kijito.
Kiliitwa Lambari, kwa sababu ya visamaki vyake.
Sasa kimebaki jina.
Mama akitoka uani huielekezea kidole
mistari ya mikaratusi kule juu, iliyonyooka kama daftari la shule:
"Wale wamekunywa."
Namwambia mvua nazo zimepungua, mama, miaka sita sasa.
"Nawe wawafundisha kiu walevi?"
Huosha mchele, maji yale hunyweshea vitunguu vya majani,
yakibaki hupigia deki.
Naye ana mizani yake, ila haandiki.

Siku ya kumi na moja,
arobaini na saba aliinama.
(Nasema "aliinama" kama mtu. Daktari hapendi.)
Jirani zake walikuwa wamefumba, wamekaza, wakavu lakini wima;
yeye ncha za majani zilikuwa karatasi iliyopitiwa na moto,
na bado alikuwa wazi,
akipumua kwa pupa, akitoa asichokuwa nacho.
Hakulielewa somo.
Au nililisomesha vibaya.

Nilitazama mlango.
Nilifungua chupa yangu ya kunywa,
nikajaza kifuniko, mara moja tu.
Sikufikiri.
La, nilifikiri, kisha nikafanya.
Udongo ulitoa sauti ndogo, kama mtoto anayenyonya.
Mizani ikasoma gramu tatu zaidi ya jana
nami nikaandika ilivyosoma.
Daftari halikuuliza, nami sikulisemesha.

Siku ya kumi na nne walianza kufa.
Siku ya kumi na tisa alikuwa bado hai,
ameangusha majani yote ya chini
na chini ya shina, penye uvimbe mdogo mfano wa goti,
palikuwa na chipukizi jekundu.
Huenda kifuniko kile kilimwokoa.
Huenda angepona hata hivyo, na hilo ndilo linaninyima usingizi.

Daktari alizungushia nambari yake wino mwekundu.
Akapiga simu Belo Horizonte, akicheka.
"Huu una kitu," alisema. "Andaeni vijiti."

Mwezi huu nakata mimi mwenyewe,
wembe, spiriti, trei za plastiki,
arobaini na saba mara elfu tatu.
Watapandwa juu ya Lambari mvua zikianza, kama zitaanza.
Ndani ya kila kijiti natafuta zile gramu,
ambazo wingu halikuzitoa, wala kampuni:
zilitoka kwenye chupa yangu,
na kabla ya chupa, kwenye mtungi wa mama,
na kabla ya mtungi, kwenye lori la maji,
lile la Jumanne, likija.