Makonyo

Saa nane usiku, Wete. Umeme umerudi.
Raya amelala, mifupa yake yavunjika kama chaki.
Nachambua simu kama nilivyochambua karafuu kwa bibi:
karafuu huku, konyo kule.

Huyu anaapa kumponya kwa siku saba;
namba ya kutuma pesa imetangulia jina la ugonjwa.
Konyo.
Huyu kaandika kwa ufasaha, lakini nani? Lini? Kamwona mtoto gani?
Konyo.

Wa tatu katia jina lake, hospitali, mwaka.
Anasema: Watoto hawa ni wachache. Dawa ya kuwaponya hatujaijua.
Msiwanyanyue kwa makwapa.

Nimesoma mara tatu.
Alfajiri nikamgeuza,
kiganja chini ya makalio, vidole nimevitanua,
kama alivyosema yule aliyekiri hajui.

Hakulia.