Kokoto Katika Dengu

Muuguzi Sevilay alikuja kiwandani Jumanne,
saa ya chai, na mfuko wa plastiki mkononi.
Tulidhani ni sabuni. Wanaokuja na mifuko
huja kutukopesha sabuni.

Akatoa titi.
La kitambaa, rangi ya uji, kalishona mwenyewe,
kalijaza dengu zetu, zile chenga za bei ya chini.
Hüsne alicheka hadi chai ikamrukia kifuani.

"Humu mna kokoto," akasema. "Nani ataipata?"
Sisi! Sisi tunaochagua mawe tangu alfajiri,
macho yako dirishani, kwenye theluji ya Gaziantep,
vidole vinafanya kazi vyenyewe.
Likazunguka benchi zima. Nazire aliipata
kabla hajaketi. Mimi nikaipata. Hüsne pia,
akaacha kucheka.

"Na lako mwenyewe, umelishika lini?"

Zikabaki kuzungumza mashine za kupepetea.
Kwetu neno lenyewe halitajwi. Tunasema
*ule ugonjwa*, tunatazama sakafu,
kama tulivyotazama sakafu mbele ya dada yangu Gülizar,
aliyejua miezi kumi na mmoja
na kila asubuhi akavaa sweta mbili
ili mumewe asijue.

Sevilay hakututisha. Alichora kwa chaki:
uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani.
Akasema mikono yetu ni hodari, ila ina mwisho;
iko mashine inayoiona punje
kabla haijawa kokoto.
Bure, kliniki ya nyuma ya soko,
kila miaka miwili ukishatimiza arobaini.

Nilirudi na karatasi yake. Nikaiweka
chini ya kopo la chumvi. Wiki tatu.

Mama mkwe, Döndü, miaka sitini na miwili, hajui kusoma,
aliinua kopo. "Michoro hii ni ya nini?"
Nikamweleza nikiwa nimempa mgongo, ninaosha vikombe,
na maneno ya Sevilay yakatoka kinywani mwangu
yamenyooka, kana kwamba ni yangu.
Hakujibu. Akarudisha kopo mahali pake.

Asubuhi nilimkuta mlangoni,
koti la harusini, viatu vya harusini.
"Twende. Na wewe una miaka mingapi?"

Arobaini na mitatu, mama.

"Basi usijifanye unanisindikiza."