Sekunde Thelathini za Kimya

Mimi ni yule asiyeonekana,
mshika fimbo ndefu yenye manyoya mwishoni
(watoto wa Gerezani waliniuliza kama ni paka).
Mpiga picha huchukua sura,
mtangazaji huchukua sifa,
mimi nazoa kinachobaki.

Kipindi chetu ni Jumamosi, saa tatu usiku.
Historia dakika kumi, sanaa dakika nane,
na kwa kuwa ni Desemba, shule zimefungwa, joto limepanda,
"tuwape watu na bahari kidogo,"
alisema Kiwelu, mtayarishaji.

Tukaanza kwa Bi. Mwasiti Kondo,
aliyekata tiketi miaka kumi na saba
kwenye sinema ambayo sasa ni ghala la vigae.
Alikuwa amejipaka poda.
Doti yake mpya ilikuwa bado na mikunjo ya dukani.
Kiwelu akamuuliza kuhusu Uhuru,
yeye akajibu, halafu akahamia kwenye chenji:
jinsi mwanamume aliyekuja na mchumba
alivyoacha noti nzima dirishani bila kuhesabu,
na wiki ijayo, akija peke yake,
alivyosimama pale pale mpaka senti ya mwisho,
foleni ikimzomea.
"Hiyo tutaikata," Kiwelu akaninong'oneza.
Mimi nilikwisha kuimeza.

Mwenge, mchongaji Nandonde hakutaka mahojiano.
"Nina oda ya Ijumaa," akasema, akaendelea kugonga.
Ko, ko.
Ko.
Viboko kumi na wawili wa mpingo, wote sawa,
ila wa saba alikuwa anacheka.
Nilipomwonyesha, akamgeuza, akamtazama:
"Huyu kanitoroka."

Halafu Kigamboni, na upepo.
Watoto sita juu ya tairi moja la lori,
Tausi, jino limeng'oka, akiipigia kamera kelele:
"Nitatoka lini? Nitatoka lini?"
Upepo ukamla sauti.
Ndani ya hedifoni, bahari
ilikuwa kikaango tu, na mtu anakaanga dagaa.

Kabla hatujafunga vifaa, popote pale,
huwa naomba jambo moja, nalo huwakera:
"Jamani, sekunde thelathini. Asiseme mtu."
Ni kiraka,
cha kuzibia mahali mhariri atakapopitisha mkasi.
Watu husimama kama wanapigwa picha ya pasipoti.
Mmoja hukohoa. Tunaanza upya.

Sasa ninavyo vimya mia mbili na ushei,
kwenye boksi la viatu, nimeviandika kwa kalamu:
Magomeni, jikoni.
Ilala, uani, kuku mmoja.
Gerezani, sebuleni kwa Bi. Mwasiti.
Nyumba nyingine zimeshavunjwa,
pamesimama ghorofa, pamesimama lami,
na kimya chake ninacho mimi, saizi arobaini na mbili.

Jumamosi ile kipindi kikaruka
na Gerezani umeme ukakatika.
Jumatatu, simu:
"Mwanangu, nilionekanaje?"
Nikamwambia doti ilitoka vizuri.
Sikumwambia kwamba katika saa mbili za maneno yake
zilibaki sekunde arobaini,
zote za Uhuru.

Februari ndipo nikapata nafasi.
Nilimvalisha hedifoni juu ya ushungi,
nikamrudishia chenji yake, yote.
Alicheka mapema, kabla ya mzaha kufika,
akijisubiri.

Maneno yakaisha. Nikanyoosha mkono nizime.
Akanizuia kwa kidole.
Kilikuwa kile kiraka:
hakuna kitu, mlango wa jirani, hakuna kitu,
na chini kabisa, mngurumo.

"Friji yangu hiyo," akasema.
"Nimeiuza mwezi uliopita."

Kwenye kona yake palibaki alama nne sakafuni.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.
Nikarudisha.