Themanini kwa Saa

Leseni ya Zeyana ina wiki mbili.
Pichani kakunja uso kama mtu aliyedaiwa asubuhi.
Mtihani kaanguka mara nne;
wa tano, nadhani, msahihishaji alichoka kabla yake.

Tumetoka Ruwi baada ya alfajiri,
chupa ya kahawa miguuni pangu,
mandazi ya iliki yamevikwa taulo,
na mimi nimekaa kwenye kiti ambacho
kwa miaka thelathini na moja
nilikuwa nikitupia jaketi.

Njia hii ni yangu.
Nimeipiga kwa lori la mafuta, Maskati Suri, Suri Maskati,
tangu ikiwa changarawe na vumbi la kutafuna
mpaka ikatandikwa lami.
Niulize kamera ziko wapi, nitakuonyesha nimefumba macho.
Niulize kona ipi inakula tairi.
Usiniulize bahari ina rangi gani.

"Bahari ina rangi gani?" akauliza Zeyana,
maana yeye hathubutu kuacha kutazama mbele.
Themanini kwa saa. Usukani kaukamata
kama anayekamua shuka.
Malori yanatupita yakitupigia honi,
na katika kila moja namwona mimi yule, ana haraka.

Bahari iko upande wake.
Ili niione, lazima macho yangu yapitie shavu lake,
kipini, ukosi wa mtandio, kisha dirisha.
Daktari kasema macho yenyewe yana ukungu,
ndiyo sababu funguo zimehama mfuko.
Nikasema nilichokiona:
"Kama shati la skuli lililofuliwa sana."
"La buluu?"
"Buluu kwenye kola. Huko mbali limechujuka."
Akacheka, gari likayumba,
akaacha kucheka.

Baada ya Bima ngamia kasimama katikati ya njia.
Mimi ningempigia honi mpaka aione Yemeni.
Zeyana akazima injini.
Ngamia akatukagua, mmoja mmoja,
kama karani anayetafuta muhuri uliokosekana,
akatafuna, akafikiri, akatupisha.
"Ahsante," Zeyana akamwambia, kwa dhati kabisa.

Finsi tukateremka.
Kumbe pana ufuko! Nimepita hapa mara elfu tatu na ushei
nikijua Finsi ni kibao tu na mteremko.
Kokoto nyeupe, za moto, zinalia chini ya mguu.
Akaokota moja akanitia mfukoni mwa kanzu,
akaongeza ya pili, ya tano,
mpaka kanzu ikaelemea upande.
"Unafanya nini?"
"Nafunga breki."

Tumekula mandazi tumesimama.
Hapo ndipo aliponiambia, akijikung'uta sukari,
kwamba njia hii anaijua kwa masikio.
Kila usiku alipiga simu: umefika wapi?
Nami nikamjibu jina moja, nikakata.
Kurayati. Bima. Finsi. Tiwi.
Alikuwa akiyahesabu kama tasbihi,
na tasbihi ikikatika katikati
hakulala.

Sikuwa na la kusema. Nikammiminia kahawa,
nikaimwaga nusu.

Sasa anasoma vibao kwa sauti,
herufi kwa herufi, kama anayesalimiana na wakwe
aliowajua kwa barua tu.
Tulipopanda kilima cha mwisho akapunguza mwendo, hamsini, arubaini,
nyuma mtu akatutukana kwa Kibalushi.
"Kumbe Tiwi ina mitende!
Ulivyokuwa ukilitaja jina,
nilidhani ni jangwa."

Simu ikalia. Shinuna, dada yake, kutoka Suri:
adhuhuri imepita, nguru ameshakaangwa, wali unaganda.
"Mmefika?"

Zeyana hashiki simu akiendesha, ameapa.
Nikaishika mimi.
"Bado," nikasema.
"Bado wapi? Mko wapi?"
Nikamtazama dereva wangu,
na nyuma ya shavu lake ile shati, imeanikwa.
"Bado tu."

Zeyana akawasha indiketa,
ijapokuwa nyuma hapakuwa tena na gari hata moja,
akasubiri imwekemweke mara tatu kama alivyofundishwa,
akapinda kuelekea kwenye mitende.