Miguu ya Nyoka

Saa tisa na nusu, na Bergen giza limeshaingia.
Gudveig amebaki na mafuvu, na kahawa iliyopoa,
na jedwali la viungo elfu kumi na kimoja.

Kazi yake ni kuuliza: hiki ni nini,
ni cha nani, kimechipuka wapi.
Ni aina ya. Ni sehemu ya. Kimetokana na.
Kwa nyuzi hizo tatu anashona
pezi la nyangumi kwa bawa la popo,
kwato ya farasi kwa ukucha wa kidole chako cha kati,
maana mfupa hauulizwi unafanya kazi gani;
unaulizwa ukoo.

Bawa la nzi amelitenga. Linaruka, ndiyo,
lakini kuruka si udugu.

Juma zima alibishana na Bálint
juu ya goti la korongo, lile linalokunjika kinyume.
Si goti, alisema, ni kifundo cha mguu;
goti lenyewe liko juu, limejificha manyoyani
kama mwenye deni.

Leo ni mashine iliyogoma. Mistari mitatu, myekundu:
Kila wa ukoo huu ana viungo vinne.
Nyoka ni wa ukoo huu.
Nyoka hana hata kimoja.
Chagua, inasema. Mmoja ni uongo.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, hilo mashine inalijua.
Lakini nyoka mwenyewe, ni mtoto wa nani?

Anaandika. Anafuta.
Anamkumbuka Torleiv, babake,
ambaye winchi ya nyavu ilimla mkono wa kushoto,
na ambaye kila Jumapili, katikati ya mahubiri,
alikuna hewa pale kilipokuwa kidole gumba.
Unaniwasha huu, alinong'ona.
Huu. Hakuwahi kusema ule.
Daktari aliandika: hana.
Neno fupi, la kweli, na halikutosha.

Basi anaongeza uzi wa nne:
Kilikuwapo, kikakoma.
Mashine inafikiri. Wekundu unafutika.

Angelala sasa. Badala yake anavuta droo ya chini,
chatu, mbavu mia kadhaa kama kitana kirefu,
na karibu na mkia, kila upande,
kijiti cha mfupa kisichozidi punje ya mchele.

Bálint, koti mabegani, anauliza mlangoni kama anakuja.
Tangulia, anasema.
Nahesabu miguu ya nyoka.