Nukta Nane

Ezaru ameingia, bahasha ameikumbatia
kama mtu aliyebeba mayai njia ya mawe.
"Nakala tatu," anasema. Kisha, chini kwa chini:
"Na unipigie hesabu. Wanasema wewe unajua."

Ninajua. Miaka kumi na minane katika kibanda hiki,
hapa Mvara, kati ya fundi cherehani na muuza muhogo,
nimewahesabia watoto wa watu wakawa madaktari
wanaopita na magari, vioo vimepandishwa.

Nageuza risiti ya wino, nachonga penseli.
Biolojia, B: tano mara tatu, kumi na tano.
Kemia vivyo hivyo. Kumi na tano nyingine.
Fizikia (anakohoa) C. Nne mara mbili, nane.
Jenero pepa, moja. Hisabati ndogo, moja.
Arobaini.
Sasa tunarudi kidato cha nne kuokota makombo:
distinksheni nane, kila moja nukta tatu;
kredi mbili, nukta mbilimbili.
Arobaini na mbili nukta nane.
Halafu naongeza moja na nusu.
"Hiyo ya nini?"
"Ya kuzaliwa msichana."
Anacheka. "Leo ndiyo mara ya kwanza nalipwa kwa hilo."

Arobaini na nne nukta tatu.
Udaktari, mwaka jana, mlango ulifungwa
kwenye arobaini na tano nukta moja.

Tunaitazama ile nukta nane.
Haijazi kijiko. Ingekuwa chumvi, mboga isingejua.
Pengine ni swali moja la fizikia,
pengine ni ile wiki ya Oktoba aliyolala sakafuni wodini,
akihesabu matone ya dripu ya mama yake
badala ya kasi ya mpira unaoanguka.
Hilo halina safu kwenye fomu.

"Lakini kuna nafasi za wilaya." Amekuja amejiandaa.
"Baba ni mtu wa Maracha. Barua ya mwenyekiti hii hapa."
Muhuri upo, wa zambarau, umekaa upande.
"Maracha hawaombi wengi. Au siyo? Nipe asilimia."

Hapo ndipo ninapoanza kutafuta gundi nisiyoihitaji.
Maana chini ya meza, katika boksi la nakala zilizoharibika,
yumo mtoto wa Obitre, wa juzi, wa Maracha:
arobaini na saba.
Yumo binti wa mwalimu Adiga: arobaini na sita na ushei.
Yumo mwingine, wino ulikuwa umekwisha, jina halisomeki,
namba zinasomeka.
Wote mlango mmoja. Wote waliniuliza asilimia.
Na karatasi ya mteja ni kama maradhi ya mtu,
haisemwi kwa anayefuata kwenye foleni;
najua hilo, mimi ambaye udaktari niliuona kwa nje.

"Hamsini kwa hamsini," nasema.
Namba ya mwoga. Haiumi, haiponyi.

Ananitazama kama anayesoma kipimajoto.
"Wewe ulikosa kwa ngapi?"
Sikumbuki kumwambia mtu.
"Nukta mbili."
"Na chaguo la pili uliandika nini?"
"Sikuandika. Nilikuwa na uhakika."

Anaivuta fomu. Anang'oa kifuniko cha kalamu kwa meno.
Pale alipokuwa ameacha wazi anaandika UUGUZI,
anafikiri, anapuliza vumbi jekundu la barabara,
chini yake anaandika MAABARA.
La kwanza haligusi. Lipo palepale,
herufi zake zimekandamizwa hadi upande wa pili wa karatasi.

"Ngapi?"
"Nakala mia sita. Hesabu ni bure."
Ananiwekea noti ya elfu, anaipapasa iwe bapa.
"Chenji utanipa majibu yakitoka."

Ameondoka. Muhogo unanukia mafuta ya jana.
Mashine ilitoa nakala nne, si tatu;
ya kwanza ilipita imepinda, muhuri umekatwa nusu.
Mahali pake ni kwenye boksi, pamoja na wenzake.
Nimeishika tangu saa nane.
Mia nne yake iko juu ya kioo, sarafu mbili,
na taa ya mashine ikipita chini yake
hutoa miduara miwili myeusi.