Gramu Moja

Mama alikikata kwa mkasi wa popoo.
Nusu ilibaki mezani, nusu ikaruka, ikaingia chini ya friji.
Akanitazama kana kwamba nimeirusha mimi.
"Nyie huko Rusayl, mnawatengenezea watu au ngamia?"

Watu, mama. Tatizo ni nafasi.
Dawa nyingine hukaa kidongeni kama mgeni wa siku mbili,
hii imekuja na ukoo wake wote:
gramu nzima, haipungui hata chembe.
Gundi ikae wapi?
Na unga wenyewe mkaidi, umeota visindano,
haumiminiki, haushikani;
ukiubana hununa, ukiuachia hupumua,
kidonge kikavua kofia mbele ya watu.

Agosti, zamu ya usiku. Nje hata kuta zinatoka jasho.
Kuriakose akasema: tuongeze gundi, kinenepe kidogo tu.
Nikamwonesha koo langu kwa kidole.

Basi nikapunguza maji.
Nikayanyunyiza kwa uchoyo, sikio kwenye mota,
iliponguruma nzito nikazima.
Nikachota, nikafumba ngumi.
Hivi ndivyo nilivyofundishwa vileja:
unga wa mchele na samli, ukifumba ushikane,
ukiugusa kwa dole gumba umeguke.
Usiwe uji. Usibaki vumbi.
Chenga zikapita kwenye chekeche, zikakaushwa,
zikateremka kinuni zenyewe, shwaa,
kama mchele uliochaguliwa na mtu mwenye subira.

Saa tisa za usiku vidonge vikavua kofia tena.

Nilikaa sakafuni na trei ya vichwa vilivyokatika.
Shinuna wa maabara akaja na karatasi yake,
hakuketi.
"Mmezikausha kama ng'onda," akasema.
Kumbe ndivyo. Tuliyaogopa maji
tukayafukuza mpaka lile tone lililokuwa likiwapatanisha.

Tukaanza upya. Safari hii tukaacha unyevu,
mbili katika mia.
Ukizidi, dawa hung'ang'ania michi ya chuma;
ukipungua, ni vile vichwa tena.
Karibu na alfajiri Kuriakose akakiangusha kimoja kwa makusudi.
Kikadunda mara mbili, kikalala kizima.
Akakiokota, akakitupa kwenye ndoo ya taka,
akaenda kunawa mikono huku anapiga mluzi.

Chembamba kuliko cha zamani, kwa unene wa ukucha.
Nilikipima mara tatu, nisijidanganye.

Lakini si chako bado, mama.
Kwanza vitawekwa ndani kama mwali,
kabatini, kwa joto na fukuto la kupangwa,
watu wakija kuvichungulia mwezi hadi mwezi
kama vimebadilika rangi, kama vimelegea.

Nikafika Mabela jua limeshakuwa kali.
Mlango wa jikoni wazi.
Amepiga magoti, ufagio umeingia mpaka mpini,
anaitafuta nusu yake.